Jinsi ya Kuingiza Kazi Zako Galari Bila Kujipunja

Galari ya biashara si makumbusho, wala si duka la vinyago vya watalii. Makumbusho hutunza. Duka la watalii huuza kilichopo kwa anayepita. Galari inayouza sanaa ya kisasa ya nchi yake humtafutia msanii mnunuzi na papo hapo humjengea jina, ili kazi inayouzwa leo iwe na thamani kubwa zaidi miaka kumi ijayo. Inapata riziki pale msanii anapouza. Ukishalielewa hilo, hutashangaa kwa nini inachagua sana, na kwa nini inakuuliza mambo mengi kuhusu mchoro ambao wewe unaona umeshaumaliza.

Kwa Nairobi, kazi hii haikuanza juzi. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, na wenzake walifungua Paa ya Paa mwaka 1965. Mwishoni mwa muongo huo wachoraji watatu, Robin Anderson, David Hart na Yony Waite, wakaanzisha Gallery Watatu, na idadi yao ndiyo iliyoipa jina. Katikati ya miaka ya 1980 galari hiyo ikashikwa na Ruth Schaffner, na kupitia kwake watu kama Sane Wadu na Jak Katarikawe wakajulikana Ulaya na Marekani. Wengi wa wanunuzi zama hizo walikuwa wageni, kwa hiyo kazi nyingi nzuri za wakati ule hazipo tena nchini. Leo kuna One Off kule Rosslyn, iliyoanza 1994, Circle ya Lavington, Red Hill upande wa Limuru, na Banana Hill ya Kiambu. Ukivuka mpaka hadi Kampala, Afriart ya Daudi Karungi ipo tangu 2002. Na Wakenya wenyewe sasa wananunua: mawakili, madaktari, vijana wa kampuni za kompyuta wanaotaka kitu cha maana ukutani.

Mimi nimekaa upande wa pili wa meza. Ninapokea kazi, ninaziandikisha, ninazifungua na kuzifunga tena. Ninaandika haya kwa sababu nawaona wasanii hodari wakipoteza fedha na jina kwa mambo ambayo kalamu na daftari vingeyamaliza. Mifano yangu mingi ni ya Nairobi, lakini aliye Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Kampala ataona taratibu hazitofautiani sana.

Hatua ya 1: Zuru kwanza, mikono mitupu

Usiende galari yoyote na michoro kwapani kabla hujaijua. Nenda kama mtazamaji. Kuingia karibu kote ni bure, na hakuna atakayekuuliza una pesa ngapi. Nenda siku ya ufunguzi uone watu gani wanafika, kisha rudi siku ya katikati ya wiki, pakiwa kimya, uangalie kazi zenyewe. Omba orodha ya bei. Ni karatasi ya kawaida tu, huwekwa mezani karibu na mlango, na kuiomba si utovu wa adabu. Itakuonyesha vipimo, mata zilizotumika (yaani vifaa vya kutengenezea kazi, kama rangi, kanvasi au karatasi), na bei za watu wa rika lako na za waliokutangulia.

Jiulize swali moja: kazi yangu ikiwekwa ukuta huu, itaongea na hizi au itagombana nazo? Galari inayoonyesha michoro mikubwa ya makaa haitachukua mandhari ya twiga na machweo, hata yakiwa yamechorwa kwa ufundi. Haijakudharau, wanunuzi wake hawaji kutafuta hicho. Ipo galari nyingine inayokufaa, na pengine unachohitaji kwa sasa si galari bali mahali pa kufanyia kazi na kuonana na wenzako, kama Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyoanza 2008 na ambayo wasanii hufanyia kazi humo humo.

Hatua ya 2: Andaa mfululizo, usiandae mchanganyiko

Hapa ndipo wengi hukwama. Msanii analeta picha nane: mbili za Wamaasai, moja ya soko, tatu za mistari na duara, sura ya mama yake, na nyingine aliyoiiga kutoka kwenye simu. Kila moja inaweza kuwa nzuri, lakini anayezitazama hawezi kusema wewe ni nani.

Tazama waliofanikiwa. Dennis Muraguri ameng'ang'ania matatu za Nairobi kwa chapa za mbao, yaani picha zinazochapwa kwa ubao uliochongwa, mpaka ukiona matatu imekatwa kwenye mbao unamfikiria yeye. Peterson Kamwathi alichora kwa makaa watu waliopangwa safu, kazi zilizotokana na ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na kila moja inaisaidia nyenzake. Sungi Mlengeya wa Tanzania, aliyejifunza mwenyewe na kuacha kazi ya benki ili achore, ana wanawake weusi wanaotokeza kwenye weupe mtupu. Huhitaji kusoma kibao kujua ni kazi ya nani. Hakuna kati yao aliyefika hapo kwa kujaribu kumpendeza kila mtu. Mzee Elimo Njau alikuwa akiwaonya vijana kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi, na kwa miaka yote niliyopokea kazi za watu sijaona onyo la kweli kuliko hilo.

Basi chagua jambo moja linalokusumbua, ulifanyie kazi nane hadi kumi na mbili. Zitofautiane kwa ukubwa: kubwa mbili au tatu za kushika ukuta, za kati kadhaa, na ndogo chache ambazo mtu anayenunua kwa mara ya kwanza anaweza kuzimudu.

Mata ni sehemu ya hatua hii. Kitambaa cha merikani kinafaa kabisa kwa kanvasi, mradi ukipake praima, yaani rangi ya msingi, kwanza, kwa sababu rangi ya mafuta ikigusa kitambaa kitupu hukiozesha polepole. Usipake akriliki juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Kinyume chake kinawezekana, mafuta juu ya akriliki iliyokauka. Mchoro wa makaa upulizie dawa ya kushikiza kabla haujatoka studio. Usione haya kwa mata za bei nafuu ikiwa umezichagua kwa makusudi na unajua zitakavyozeeka. Wachoraji wa kwanza wa mtindo wa Tingatinga walitumia rangi za kung'aa za dukani juu ya hadibodi. Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, alitengeneza picha zake kwa makaratasi ya kufungia unga na sabuni, na leo zinatafutwa. Ambacho galari haiwezi kukubali ni mata ambayo mwenyewe huijui. Mnunuzi akiuliza "hii itadumu?" na wewe ukanyamaza, ameshaondoka.

Hatua ya 3: Andika nyuma ya mchoro

Kama utafuata hatua moja tu ya mwongozo huu, ifuate hii.

Geuza mchoro wako sasa hivi utazame mgongo wake. Mingi ninayoipokea iko hivi: kanvasi imebanwa kwa pini za stepla zilizoanza kushika kutu, pembe moja ina alama ya gundi ya maonyesho yaliyopita, na katikati pameandikwa kwa kalamu ya maka "SOKO 2", pamoja na namba ya simu isiyopatikana tena. Hakuna jina, hakuna mwaka. Wino wa maka umepenya, na ukiutazama mchoro kwa mbele kwenye mwanga utaona kivuli cha herufi S juu ya anga uliyohangaika nayo wiki nzima.

Andika kwa penseli, na uandike kwenye ubao wa fremu ya ndani, si juu ya kitambaa. Upande wa juu kushoto weka jina lako kamili kama unavyotaka lijulikane maisha yako yote, jina la kazi, mwaka ulioimaliza, mata, na vipimo kwa sentimita, urefu ukitangulia upana. Chini yake weka namba ya kazi. Mimi hupendekeza mwaka na mpangilio, kama 2025/014, yaani kazi ya kumi na nne ya mwaka huo. Chora na mshale mdogo unaoonyesha juu ni wapi. Kwa michoro isiyo na sura za watu, mshale huo umeokoa aibu nyingi.

Kwa chapa, utaratibu ni mwingine. Unaandika kwa penseli chini ya picha, kwenye ukingo mweupe wa karatasi: kushoto namba ya nakala, mfano 3/20, katikati jina la kazi, kulia sahihi na mwaka. Hiyo 20 ni ahadi. Ukishasema ziko ishirini, huwezi kurudi kuchapa ya ishirini na moja kwa sababu zimependwa. Aliyenunua namba 3 alilipia uchache wake.

Kisha daftari. Liwe la karatasi, liwe faili la kompyuta, yote sawa, ila nakala nyingine iwe mahali pengine. Kila kazi ina mstari wake: namba, jina, mata, vipimo, bei, iko wapi, ilitoka lini, ilirudi lini, imenunuliwa na nani. Iambatanishe na picha nne: mbele, mgongo, pembeni, na sahihi kwa karibu. Piga kwenye mwanga wa mchana usio na jua la moja kwa moja, kamera ikitazamana sawasawa na mchoro, na taa ya simu ikiwa imezimwa.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu galari haiuzi rangi tu, inauza na habari zake. Mwaka 1960 jumba la Museum of Modern Art la New York lilinunua mchoro wa Sam Ntiro wa Makerere, alioufanya 1956, wa wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Tunaweza kuuzungumzia hadi leo kwa sababu mwaka na jina lake vimeandikwa. Sasa mfikirie Edward Saidi Tingatinga. Alichora kwa miaka michache tu, kuanzia 1968 hadi alipofariki 1972. Jina lake lilipopata soko, sahihi yake ikaanza kuonekana kwenye picha ambazo hakuzigusa, na kwa kuwa kumbukumbu za kazi zake mwenyewe hazikutunzwa, kumtenga yeye na walioandika jina lake kumekuwa kazi ngumu. Daftari lako ni ulinzi wako, na wa watoto wako baada yako.

Hatua ya 4: Panga bei, kisha ishikilie

Njia rahisi kwa anayeanza ni hii: jumlisha urefu na upana kwa sentimita, kisha zidisha kwa kiwango chako. Tuseme kiwango ni shilingi 300, nao ni mfano tu. Mchoro wa 60 kwa 80 unakuwa 140 mara 300, yaani 42,000. Wa 100 kwa 120 unakuwa 66,000. Wengine hutumia eneo, urefu mara upana, lakini njia hiyo huzirusha bei za kazi kubwa: mchoro huo wa pili ungefika 105,000 kwa kiwango cha eneo ambacho kingekupa 42,000 kwa ule mdogo. Kwa msanii asiyejulikana bado, jumla ya pande mbili ina huruma zaidi.

Kiwango chenyewe unakipata wapi? Kwenye zile orodha za bei ulizoziomba hatua ya kwanza. Tafuta wenye umri wa kazi kama wako, si umri wa kuzaliwa. Hakikisha kinalipa kanvasi, rangi, fremu, kodi ya studio na muda wako, na kwamba bado kinakuachia kitu baada ya galari kuchukua fungu lake.

Fungu hilo huwa asilimia 30 hadi 50 ya bei ya kuuzia. Najua inauma kusikia nusu. Lakini ndani yake mna kodi ya jengo, mshahara wa wafanyakazi, taa, chapisho, vinywaji vya ufunguzi, na miaka ya kuwalea wanunuzi ambao usingewafikia mwenyewe. Kama galari inachukua asilimia 50 na haifanyi lolote kati ya hayo, una haki ya kuuliza.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo wote nilio nao: bei ya studio na bei ya galari ni moja. Mnunuzi akikuta mchoro wa 66,000 galari unauzwa 40,000 nyumbani kwako, hatanunua tena galari, na aliyekwisha kununua atajiona ameibiwa. Habari hizi husambaa haraka, maana Nairobi ya sanaa ni kijiji. Ukitaka kitu cha bei ya chini, tengeneza kitu kingine. Michael Soi huuza mifuko aliyoichora mwenyewe, na bei za michoro yake ya kanvasi haziguswi na mifuko hiyo.

Panda polepole. Baada ya maonyesho yaliyouza vizuri, ongeza asilimia 10 hadi 15. Kushusha bei ni vigumu mno. Wale walionunua kwa bei ya juu ndio wateja wako bora, nao ndio utakaowaumiza.

Hatua ya 5: Bisha hodi

Tuma barua pepe fupi. Ambatanisha faili moja lenye picha kumi hadi kumi na tano, kila moja na maelezo yake kamili chini, wasifu wa ukurasa mmoja, na aya moja au mbili za kueleza unachofanya na kwa nini. Aya hizo ziandike kama unavyomweleza shangazi yako mwenye akili ambaye hajasomea sanaa. Kiswahili au Kiingereza, vyovyote, ilimradi ni sauti yako.

Usije usiku wa ufunguzi wa msanii mwingine ukaanza kuonyesha simu yako. Usiku ule ni wake. Usitume ujumbe mmoja kwa galari sita ukiwa umezionyesha anwani zote. Ukinyamaziwa wiki tatu, kumbusha mara moja kwa adabu. Ukiambiwa hapana, omba kujua sababu, kisha shukuru. Ukiambiwa "tungependa kuja studio", fagia, panga kazi zikitazama mwanga, na weka zile ambazo hazijakamilika zionekane pia. Mara nyingi hizo ndizo wanazozitaka kuziona.

Hatua ya 6: Mkataba wa mali kauli

Galari nyingi hazinunui kazi zako. Zinazichukua kwa mali kauli: unaziacha, bado ni zako, zikiuzwa unalipwa, zisipouzwa unazichukua. Waswahili wamefanya biashara hivi tangu zama za majahazi, na ilitegemea neno la mtu. Neno bado lina uzito, ila liandikwe. Mtu akifariki, galari ikifungwa, meneja akiondoka, karatasi ndiyo itakayokusemea.

Karatasi hiyo ianze na orodha ya kila kazi kwa namba yake ya daftari, bei yake na hali yake siku ya kukabidhi. Iseme kazi zitakaa kwa muda gani. Miezi mitatu hadi sita inatosha kwa mara ya kwanza. Iseme fungu la galari, na kama linahesabiwa kabla au baada ya kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16. Iseme utalipwa siku ngapi baada ya mnunuzi kulipa. Siku 30 ni kiasi cha haki. Mnunuzi akilipa kwa awamu, nawe ulipwe fungu lako kila awamu inapoingia, na mchoro usitoke hadi awamu ya mwisho.

Punguzo ndilo linaloleta ugomvi mara nyingi kuliko yote, basi tulipigie hesabu. Mchoro ni 66,000, galari inachukua asilimia 40. Ukiuzwa kwa bei kamili, unapata 39,600 na galari 26,400. Mnunuzi wa siku nyingi akaomba asilimia 10, bei ikawa 59,400. Mkigawana punguzo, unapata 35,640. Galari ikilibeba peke yake, unabaki na 39,600 zako nayo inapata 19,800. Ukilibeba wewe peke yako, unashuka hadi 33,000. Ni mchoro ule ule na mnunuzi yule yule, lakini mfuko wako unatofautiana kwa shilingi 6,600. Andikeni mapema nani anabeba nini, na kwamba punguzo lolote linalozidi asilimia 10 halitolewi bila kukupigia simu.

Nani analipia fremu? Nani analipia usafiri wa kwenda na wa kurudi? Kazi ikilowa, ikiibiwa au ikitobolewa ikiwa kwao, utalipwa kiasi gani? Galari yenye bima itakuonyesha karatasi yake. Isiyo nayo, angalau iandike kwamba itakulipa fungu lako kamili kana kwamba kazi imeuzwa.

Kuhusu upekee, soma taratibu. Galari inayokuwakilisha nchini kote ina haki ya kutaka usiuze kwa jirani yake. Lakini kama inataka dunia nzima, nayo haina mpango wowote wa kukupeleka nje ya Nairobi, omba upekee uwe wa Kenya tu na uwe wa mwaka mmoja.

Hakimiliki inabaki kwako. Anayenunua mchoro amenunua kitu chenyewe, hajanunua ruhusa ya kukichapisha kwenye fulana au kalenda. Kwa sheria ya Kenya haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Marekebisho ya 2019 yakaongeza haki ya mauzo ya baadaye: kazi yako ikiuzwa tena kibiashara, asilimia 5 ya bei inamwendea msanii. Haki hii haina nguvu kama huwezi kuthibitisha kazi ni yako, na hapo ndipo daftari la hatua ya tatu linapokulipa.

Kama jambo hulielewi, omba siku mbili ukalisome nyumbani. Galari ya watu waungwana haitakunyima.

Hatua ya 7: Funga kana kwamba barabara ni mbovu

Karatasi laini isiyo na asidi ndiyo inayogusa rangi. Plastiki ya mapovu inakuja juu yake, mapovu yakitazama nje. Yakitazama ndani na gari likipata joto, yanaacha alama za duara kwenye rangi ambazo hazitoki. Pembe nne zivishe vikofia vya katoni. Michoro miwili ikisafiri pamoja, itazamane uso kwa uso ikiwa na kadibodi katikati, ili fremu ya mmoja isitoboe uso wa mwingine.

Ukilazimika kukunja kanvasi, izungushie bomba nene, upande uliochorwa ukiwa nje. Wengi hufanya kinyume, wakidhani wanailinda rangi, kumbe wanaibana hadi ipasuke. Rangi nene ya mafuta isiyokauka vizuri usiikunje kabisa.

Kwa Pwani ongeza jambo moja: unyevu. Kazi za karatasi zilizokaa Mombasa au Lamu hupata madoa ya kahawia. Ziweke kavu, mbali na ukuta wa matumbawe unaopumua maji, na uzipeleke bara zikiwa na pakiti za kunyonya unyevu.

Unapofika, fungua kila kazi mbele ya anayepokea, mwikague pamoja, mwandike kila mkwaruzo, mtie sahihi wote wawili. Usikubali kuambiwa "ziache hapo, tutaziangalia kesho."

Hatua ya 8: Usiku wa ufunguzi, na siku zinazofuata

Fika mapema. Zungumza na watu, hasa wale wanaosimama muda mrefu mbele ya kazi moja bila kusema neno. Waeleze ulivyoifanya, acha maana waitafute wenyewe. Mtu akikuvuta pembeni akisema mkutane studio mumalizane bila galari, mjibu kwa upole kwamba bei ni ile ile na mhusika ni yule pale. Anayekuomba umpunje mwenzako leo atakuomba ujipunje mwenyewe kesho.

Kidoti chekundu karibu na kibao maana yake kazi imeuzwa. Usihesabu pesa kwa vidoti. Hesabu ankara zilizolipwa.

Kila kazi iliyouzwa itoke na cheti chenye sahihi yako na namba ya daftari. Omba jina la mnunuzi. Baadhi ya galari husita, zikihofia utamfuata pembeni, na hofu hiyo ina sababu zake. Mnaweza kukubaliana kwamba galari itunze jina na ikupe utakapolihitaji, kwa mfano ukitaka kuazima kazi kwa maonyesho makubwa. Mnunuzi akiwa wa nje, waachie galari na msafirishaji mambo ya forodha. Wewe toa karatasi inayoonyesha kazi ni ya leo na si ya kale, maana vitu vya kale vina sheria yake na vinahitaji kibali.

Mnada ni jambo la baadaye. Circle ilianzisha mnada wa sanaa za kisasa za Afrika Mashariki mwaka 2013, na umesaidia kuwapa wanunuzi imani kwamba kinachonunuliwa Nairobi kinaweza kuuzwa tena. Lakini mnada ni wa hadharani: kazi yako ikikosa mnunuzi, wote wameona. Usipeleke kazi mpya huko kabla soko lako la kawaida halijasimama.

Hatua ya 9: Hesabu, na kuchukua zilizobaki

Maonyesho yakiisha, omba taarifa ya mauzo kwa maandishi: kazi gani imeuzwa, kwa bei gani, punguzo gani, fungu lako ni kiasi gani, na litalipwa lini. Linganisha na daftari. Siku 30 zikipita kimya, andika barua pepe. Simu husahaulika, barua pepe hubaki.

Zisizouzwa usiziache zikae stoo ya galari bila tarehe. Ama mnaandika upya mkataba wa miezi kadhaa, ama unazichukua. Nenda na ile karatasi ya kukabidhi, fungueni kila moja tena, linganisha hali yake na ilivyoandikwa siku ya kwanza, na mtie sahihi. Nyumbani, zipumzishe kabla ya kuzipeleka kwingine. Wanunuzi wa Nairobi wana macho, na mchoro ulioonekana kuta tatu kwa mwaka mmoja huanza kuulizwa una kasoro gani.

Mwisho, ongeza mstari mmoja kwenye wasifu wako: mwaka, jina la maonyesho, galari, mji. Kisha fungua ukurasa mpya wa daftari, maana galari ikipiga simu kuuliza una kazi gani mpya, itataka jibu wiki hiyo hiyo.